Mbuzi usiowaona: jinsi ya kutengeneza modeli ya mlipuko wa sotoka ya mbuzi kwenye jedwali la kompyuta

Kila mbuzi wanapoanza kufa mahali fulani, napata maswali yaleyale matatu. Wanafunzi wa veterinari wanauliza ile namba R, yaani idadi ya wenzake ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza, inatoka wapi. Maafisa ugani wanauliza wachanje mbuzi wangapi ili ugonjwa ukatike. Na wenyeviti wa vijiji wanauliza kwa nini mnada ufungwe wakati waliokufa ni mbuzi wawili tu. Hili la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu jibu lake linahesabika, na asiyelijua huwa analijua mizoga ikishajaa.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kulihesabu mwenyewe. Hutahitaji programu ya kununua wala hisabati ya chuo kikuu. Ukijua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na ukaweza kuburuta fomula kwenye jedwali la kompyuta, inatosha.

Mfano wetu ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo wengi tunaiita PPR. Virusi vyake ni ndugu wa virusi vya sotoka ya ng'ombe, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. PPR ilielezwa kwa mara ya kwanza Ivory Coast mwaka 1942. Kenya ilishuhudia mlipuko mkubwa Turkana mwaka 2006, na Tanzania ilithibitisha kuwa nayo kaskazini mwa nchi mwaka 2008. Dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza ifikapo 2030. Ukishaielewa modeli hii, unaweza kuigeuza kidogo ukaitumia kwa mdondo wa kuku au homa ya nguruwe.

Kabla hujaanza, hakikisha una vitu hivi

Kompyuta au simu yenye Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets. Simu inafaa, ila kuburuta fomula kwenye kioo kidogo kunachosha.

Idadi ya mbuzi na kondoo wa eneo lako. Usiridhike na namba ya ofisini peke yake, maana mara nyingi ni ya sensa ya zamani. Pita kwenye mazizi alfajiri kabla mifugo haijatoka kuchungwa, hesabu maboma machache, kisha linganisha.

Tarehe. Mbuzi wa kwanza aliugua lini, wa pili lini, na kila wiki waliongezeka wangapi. Hiki ndicho kitu cha thamani kuliko vyote na ndicho kinachokosekana mara nyingi.

Historia ya chanjo, na habari ya mlipuko wowote uliopita miaka mitatu au minne ya nyuma.

Mawasiliano na daktari wa mifugo wa wilaya. PPR ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kisheria, na sampuli lazima ziende maabara. Modeli haimpimi mbuzi. Ukihisi ugonjwa leo, piga simu leo, halafu jedwali utalitengeneza jioni.

Hatua ya 1: Kubalianeni mgonjwa ni nani

Andika sentensi moja kwenye daftari, na kila anayekusanya taarifa aifuate hiyohiyo. Kwa PPR mimi naandika hivi: mbuzi au kondoo mwenye homa, machozi na makamasi, pamoja na vidonda mdomoni au kuhara.

Hatari iliyopo hapa ni kuichanganya na homa ya mapafu ya mbuzi. Hiyo hukohoza na kuua pia, lakini haileti vidonda vya mdomo wala kuhara, na kondoo kwa kawaida haiwapati. Wafugaji wenyewe wanazitofautisha vizuri kuliko tunavyodhani. Waturkana, kwa mfano, wana jina lomoo kwa PPR na loukoi kwa homa ya mapafu. Uliza jina la ugonjwa kwa lugha ya mfugaji, kisha muulize dalili zake. Ukichanganya magonjwa mawili kwenye hesabu moja, modeli itakupa jibu safi kabisa la ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya 2: Kusanya hesabu bila kumtisha mtu

Mfugaji akiona daftari na fulana ya idara anawaza karantini, na hapo vifo vinapungua kwenye maelezo yake. Usianze na swali la "wamekufa wangapi".

Njia ninayoipenda ni ya punje. Kaa chini na mwenye mbuzi, mpe punje 100 za mahindi, mwambie hizo ndizo mbuzi zake zote za kabla ya ugonjwa. Kisha mwombe azigawe: hawa hawakuugua, hawa waliugua wakapona, hawa walikufa. Usimsaidie. Nilikaa hivyo na mzee mmoja kwenye ngozi mbele ya zizi lake. Aligawa haraka, akatulia, akavuta punje saba kutoka fungu la waliopona akazirudisha kwa waliokufa, akasema, "Hawa walipona ugonjwa, lakini mimba zilitoka na maziwa yakakauka, wakafa njaa ya baadaye." Hakuna fomu ya ofisini ambayo ingenipa habari hiyo.

Njia hii si ya kubahatisha. Katika kampeni ya kutokomeza sotoka ya ng'ombe, maelezo ya wafugaji yaliyokusanywa kwa namna hii yaliingizwa kwenye modeli, na yakaonyesha kwamba virusi vya kusini mwa Sudan vilikuwa vikienea kwa nguvu kubwa kuliko vile vya upande wa Somalia: R ya takriban 4.4 upande mmoja, na kati ya 1.2 na 1.9 upande wa pili. Ugonjwa uleule, kazi tofauti kabisa ya chanjo.

Hatua ya 3: Gawa kundi katika mafungu matano

Kila mbuzi, siku yoyote, yumo katika fungu moja tu:

Walio hatarini: hawajaugua na hawana kinga.
Fiche: virusi vimeshaingia, lakini bado hawaonyeshi dalili wala hawaambukizi wenzao.
Wagonjwa: wanaambukiza.
Wenye kinga: wamepona, au wamechanjwa na chanjo ikashika.
Waliokufa.

Kazi yote ya modeli ni kuwahamisha mbuzi kutoka fungu moja kwenda lingine, siku baada ya siku. Hakuna zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Weka namba nne

Fungua jedwali jipya. Kwenye safu ya J, andika namba hizi:

J1: 0.5, kiwango cha kuambukiza. Maana yake mgonjwa mmoja, akiwa katikati ya mbuzi wasio na kinga, anaambukiza nusu mbuzi kwa siku, yaani mbuzi mmoja kila siku mbili.
J2: 0.25, kasi ya kutoka fiche kwenda ugonjwa. Ni 1 gawanya kwa siku 4.
J3: 0.125, kasi ya kumaliza ugonjwa. Ni 1 gawanya kwa siku 8.
J4: 0.4, sehemu ya wagonjwa wanaokufa.

Ukizidisha 0.5 kwa siku 8 unapata 4. Hiyo ndiyo R iliyowasumbua wengi: mgonjwa mmoja, katika kundi lisilo na kinga yoyote, anaambukiza wenzake wanne mpaka aishe. Basi.

Hizi ni namba za mfano zinazofanana na tabia ya PPR. Vifo hasa hubadilika sana: kundi ambalo halijawahi kuuona ugonjwa linaweza kupoteza wengi mno, na kundi lililozoea likapoteza wachache. Utazirekebisha kwenye hatua ya 8.

Onyo: namba zote ziwe za siku. Nimeona majedwali mengi ambayo mtu ameweka maambukizi kwa wiki na kupona kwa siku, kisha anashangaa kijiji kizima kimeisha Jumanne.

Hatua ya 5: Andika fomula

Mstari wa 1 uwe wa vichwa: A siku, B walio hatarini, C fiche, D wagonjwa, E wenye kinga, F waliokufa, G maambukizi mapya, H jumla.

Mstari wa 2 ni siku ya 0. Tuseme kijiji kina mbuzi 500, na mmoja amerudi mnadani akiwa mgonjwa. Andika A2: 0, B2: 499, C2: 0, D2: 1, E2: 0, F2: 0. Kisha:

G2: =$J$1*B2*D2/(B2+C2+D2+E2)
H2: =SUM(B2:F2)

Mstari wa 3:

A3: =A2+1
B3: =B2-G2
C3: =C2+G2-$J$2*C2
D3: =D2+$J$2*C2-$J$3*D2
E3: =E2+$J$3*D2*(1-$J$4)
F3: =F2+$J$3*D2*$J$4

Nakili G2 na H2 ziende mstari wa 3. Halafu chagua mstari wote wa 3, kuanzia A mpaka H, uburute chini hadi siku ya 120. Chora grafu ya mstari kwa safu C, D na F.

Alama ya dola ndiyo inayomshinda anayeanza. Bila hiyo, ukiburuta fomula chini, J1 inageuka J2, kisha J3, na modeli inakula namba zisizo zake.

Hatua ya 6: Kagua kabla hujaamini

Siku ya 1 lazima usome: hatarini 498.50, fiche 0.50, wagonjwa 0.88 (0.875 iliyokadiriwa), kinga 0.08, waliokufa 0.05. Siku ya 2, wagonjwa wawe 0.89 na fiche 0.81. Safu ya H ibaki 500 kutoka juu mpaka chini. Ikibadilika hata kidogo, kuna mbuzi unayemzalisha au kumpoteza hewani, na kosa liko kwenye fomula, si kwenye ugonjwa.

Usihangaike na nusu mbuzi. Hizi ni wastani: ni kama kusema vijiji kumi vinavyofanana vingekuwa na wagonjwa tisa kwa pamoja. Lakini jua kwamba mwanzoni bahati ina nguvu. Kwa R ya 4, mgonjwa mmoja akiingia kijijini, kuna nafasi kama 1 kati ya 4 kwamba ugonjwa utakufa wenyewe bila kushika. Ndiyo maana kijiji kimoja huponea na jirani yake akaangamia, na watu wakaanza kutafutana uchawi.

Hatua ya 7: Soma siku ya 14 kwa makini

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Nenda mstari wa siku ya 14. Waliokufa ni 1 na ushei. Wagonjwa ni 5 katika mbuzi 500, waliotawanyika kwenye maboma tofauti. Mwenye boma anaona mbuzi mmoja anayetoa makamasi, anasema ni vumbi au baridi.

Sasa tazama safu ya fiche: 6. Mbuzi sita wanakula, wanaruka, wananyonyesha, na wameshaambukizwa. Ni wengi kuliko wagonjwa wanaoonekana. Na katika kipindi hiki wagonjwa wanaongezeka maradufu kila baada ya siku nne na nusu hivi.

Endelea chini. Siku ya 21: wagonjwa 15, fiche karibu 18, waliokufa wanne au watano. Siku ya 28: wagonjwa 42, fiche 44, waliokufa 13. Siku ya 44 wagonjwa wanafika kilele, karibu 144 kwa wakati mmoja. Mwisho wa yote waliokufa wanakaribia 200, na mbuzi ambao ugonjwa haukuwagusa kabisa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa hiyo mwenyekiti anayesema "wamekufa wawili tu" anasema kweli, na yuko katika wiki ileile ambayo kijiji bado kinaweza kuokolewa. Mchapishie mstari huo. Mwonyeshe safu ya C kwa kidole.

Hatua ya 8: Linganisha na kijiji chako, upate R yako

Usitumie 4 yangu kama sheria. Chukua hesabu zako za wagonjwa wapya na utafute walichukua siku ngapi kuongezeka maradufu. Iite T. Kwenye kisanduku kitupu andika =2^(1/T)-1, ukiweka siku zako mahali pa T. Jibu liite k. Kisha:

R = (1 + 4k) × (1 + 8k)

Ile 4 ni siku za fiche na 8 ni siku za ugonjwa. Wakiongezeka maradufu kila wiki, k ni 0.104 na R inakuwa kama 2.6. Wakiongezeka maradufu kila siku tano, R ni kama 3.5. Gawanya R kwa 8, uweke jibu kwenye J1, na modeli sasa ni ya kijiji chako.

Tumia wiki za mwanzo tu. Ukichukua hesabu za karibu na kilele, mbuzi walio hatarini wameshapungua, ongezeko limepoa, na utapata R ndogo ya kukudanganya. Pia usihesabu siku taarifa ilipofika ofisini. Hesabu siku mbuzi alipoanza kuugua. Wafugaji watano wakipiga simu siku moja baada ya kusikia redio, huo si mlipuko wa siku moja.

Hatua ya 9: Jaribu chanjo

Kwanza kizingiti. Ili ugonjwa usishike, sehemu ya mbuzi wenye kinga lazima izidi 1 − 1/R. Kwa R ya 4 ni asilimia 75. Kwa R ya 2.6 ni kama asilimia 62. Lakini si kila sindano inashika: chupa ilipata joto njiani, mbuzi aliruka dawa ikamwagika. Tuseme inashika kwa 90 kati ya 100. Gawanya 75 kwa 0.9, unapata 83. Katika mbuzi 500, chanja 417 au zaidi.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mbuzi huzaliwa na kuuzwa haraka. Chanjo ya PPR yenyewe ni imara, kinga yake hudumu si chini ya miaka mitatu. Kundi ndilo halidumu. Tuseme umechanja mbuzi wote 500, ukapata kinga asilimia 90. Katika miezi sita, asilimia 17 ya kundi wameuzwa, wamechinjwa au wamekufa, na nafasi zao zimechukuliwa na watoto wasiochanjwa. Zidisha 0.9 kwa 0.83: umeshuka hadi asilimia 75, umerudi kizingitini. Ndiyo maana kampeni ya mara moja, hata ikipigiwa ngoma, haitoshi. Panga kurudi kuchanja watoto waliozidi umri wa kinga ya mama, yaani kuanzia miezi minne hivi.

Sasa jaribu chanjo ya kukimbizana na mlipuko. Tuseme unawafikia asilimia 80 ya walio hatarini na chanjo inashika kwa 90, yaani 0.72. Ili kinga ianze siku ya 28, nenda mstari wa 30 na ubadilishe fomula mbili:

B30: =(B29-G29)*(1-0.72)
E30: =E29+$J$3*D29*(1-$J$4)+(B29-G29)*0.72

Rudia kwenye nakala nyingine ya jedwali kwa siku ya 21, na nyingine kwa siku ya 35. Utapata vifo vya mwisho vinavyokaribia hivi: kinga ikianza siku ya 21, mbuzi 50, siku ya 28, mbuzi 80, siku ya 35, mbuzi 130, bila chanjo, 200. Chanjo ileile, wachanjaji walewale, gharama ileile.

Kumbuka pia kwamba kinga haianzi siku ya sindano. Weka wiki mbili kwa usalama. Ina maana kinga ya siku ya 28 ni sindano ya siku ya 14, siku ile ya mzoga mmoja.

Na kuna jambo la kuwaambia watu kabla ya sindano ya kwanza. Wale mbuzi sita wa fiche utawachanja bila kujua, na wataugua siku chache baadaye. Usipowaandaa wenyewe, habari itakayoenea ni kwamba chanjo imeua mbuzi, na kijiji cha pili kitaficha mifugo porini ukifika. Nimeona kazi ya mwezi mzima ikivunjika kwa sababu ya maelezo ya dakika tano ambayo hayakutolewa.

Chanja boma kwa boma. Usikusanye mbuzi wa kijiji kizima kwenye zizi moja wakati ugonjwa unatembea, maana utakuwa umewaandalia virusi mnada wao.

Hatua ya 10: Jaribu karantini na kufunga mnada

Rudisha modeli ya mwanzo. Shusha J1 kutoka 0.5 hadi 0.25, kana kwamba wafugaji wamekubali kutenganisha machungo na maji, kila boma na saa yake. R sasa ni 2. Wagonjwa wanaongezeka maradufu kila siku kumi badala ya nne na nusu. Lakini buruta jedwali mpaka siku ya 300, uone mwisho: vifo bado vinakaribia 180.

Wengi hukata tamaa wakiona hapo. Mimi naona faida kubwa: kutenganisha kunakununulia wiki, na katika wiki hizo chanjo inafika na kinga inashika. Ukitenganisha bila kuchanja, umeahirisha msiba. Jaribu vyote viwili pamoja kwenye jedwali uone tofauti.

Mnada ni hesabu nyingine, fupi. Siku ya 21 mbuzi wa fiche ni asilimia 3.6 ya walio hai. Mtu akipeleka mbuzi 10 wanaoonekana wazima, uwezekano kwamba angalau mmoja ana virusi ni =1-(1-0.036)^10, yaani kama asilimia 30. Siku ya 28 fiche wamefika asilimia 9, na uwezekano unapanda hadi zaidi ya asilimia 60. Hao ni mbuzi ambao mkaguzi getini hawezi kuwakamata kwa macho, hata awe hodari vipi. Na hujaweka wale ambao mwenyewe anauza haraka kwa sababu ameshaona mmoja anatoa makamasi.

Hatua ya 11: Peleka matokeo, lakini usipeleke namba moja

Endesha modeli kwa R ya chini, ya kati na ya juu unazoona zinawezekana. Sema: "Tukichanja wiki hii tutapoteza kati ya kiasi hiki na hiki, tukisubiri wiki mbili ni kati ya hiki na hiki." Kama uamuzi bora ni uleule kwa R zote tatu, una jambo la uhakika. Kama uamuzi unabadilika, sema hivyo, na urudi ukakusanye tarehe zaidi.

Uingereza mwaka 2001 ni somo la pande zote mbili. Ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa tarehe 20 Februari, na usafirishaji wa mifugo ukasimamishwa tarehe 23. Kufikia hapo kondoo waliokwishaambukizwa walikuwa wamepita masokoni na kusambaa nchi nzima. Timu za wanahisabati zikaonyesha kwamba kuchelewa ndiko kunakoulisha ugonjwa, na serikali ikaamuru mifugo ya shamba lenye ugonjwa iuawe ndani ya saa 24 na ya mashamba jirani ndani ya saa 48. Mlipuko ulizimwa, kesi ya mwisho ikiwa mwezi Septemba, baada ya mashamba 2,026 kuthibitishwa na wanyama zaidi ya milioni 6 kuuawa. Mabishano hayakuisha: madaktari wengi wa mifugo walisema mashamba mengi ya jirani yaliangamizwa bila sababu, kwa kuwa modeli ziliona umbali kwenye ramani na hazikuona ukuta, mto au mfugaji aliyefunga wanyama ndani. Kwa hiyo kabla hujapendekeza jambo lisiloweza kurudishwa, mtafute anayelijua eneo kwa miguu.

Ikikwama

Namba zinakuwa hasi. J1 ni kubwa mno, au umechanganya wiki na siku. Kompyuta ikilalamika kwamba fomula inajizunguka yenyewe, angalia kama fomula ya B inatoa G ya mstari wake yenyewe badala ya mstari uliotangulia.

Fomula inaonekana kama maandishi. Kisanduku kimewekwa kama matini, au kompyuta yako inatumia mkato mahali pa nukta ya desimali. Andika 0,5 ujaribu.

Modeli inatoa vifo vingi kuliko kijijini. Mara nyingi ni kwa sababu kuna mbuzi wenye kinga ya zamani. Waulize wenyewe kuhusu mlipuko uliopita, uhamishe idadi yao kutoka B2 kwenda E2. Sababu nyingine ni kwamba maboma yako mbali na mbuzi hawachanganyiki kama modeli inavyodhani. Hapo tengeneza jedwali dogo kwa kila kitongoji.

Modeli inatoa vifo vichache kuliko kijijini. Rudi hatua ya 1. Huenda kuna ugonjwa wa pili, na nimonia ya bakteria humfuata mbuzi aliyedhoofishwa na PPR. Tuma sampuli nyingine.

Kilele cha kijijini kimekuja mapema. Mbuzi wa kwanza hakuwa mmoja, au ugonjwa uliingia kabla ya tarehe uliyoambiwa. Weka D2 iwe 3 au 5, au usogeze siku ya 0 nyuma wiki mbili. Kisha rudi kwa mwenye boma la kwanza umuulize tena, polepole, kuhusu mbuzi aliyenunuliwa.

Ugonjwa umeisha kwenye jedwali lakini umerudi kijijini baada ya miezi minane. Modeli hii haina kuzaliwa. Ongeza vitoto kwenye safu ya B kila siku: chukua idadi wanaozaliwa kwa mwaka, gawanya kwa 365. Safu ya H haitabaki 500 tena, na hapo ni sawa.